Kifungua Kinywa

Maharagwe ishirini, mabakuli mawili, vijiti.
Dakika moja. Usiyamwage, Kanade, usiyafukuze,
likamate haragwe tumboni, polepole,
kama unavyoshika sikio la paka aliyelala.
Tangu Februari tunahamisha maharagwe yale yale
kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia,
na hakuna siku tuliyoyapika.

Bi Kuramochi, anayefundisha juu ya duka la miwani,
alitutoza kodi ya nyumba ya miezi mitatu
amwonyeshe mtoto jinsi ya kupanga viatu
ncha zikielekea mlangoni,
kukunja leso, kutembea kama dubu,
kufunga fundo nyuma ya mgongo bila kuliona,
na akianguka, kulia kidogo tu.
Samaki hukunjwa angali mbichi, nilijiambia.
Wangu ana miaka mitano na miezi minane
na usiku anasaga meno.

Baba yake naye tulimkunja, mkavu hivyo hivyo.
Shigeki, anayerudi na treni ya mwisho,
moshi wa mishikaki umemganda kwenye tai,
alikariri mbele ya kioo cha bafu:
"Jumapili mimi na binti yangu hupanda mlima."
Mlima upi? nikamuuliza. Wakitaka jina?
Akafikiri, povu la dawa ya meno mdomoni.
"Takao."
Tulikwenda Takao mara moja, Septemba, kwa ajili ya picha.
Mvua. Tukala tambi kituoni, tukarudi.

Mimi nilinunua suti ya bluu iliyokolea
kwenye ghorofa inayouza suti hizo tu,
bluu ya mama asiyedaiwa na mtu,
na mkoba unaosimama wenyewe sakafuni,
maana mkoba ukilala ubavu katikati ya mahojiano,
husemwa, ni malezi yaliyolala ubavu.
Sijui nani husema. Sote tunajua.

Asubuhi ile ya Novemba tulichelewa.
Alikula mkate wa krimu amesimama,
kituo cha Kiba, amewapa watu mgongo,
nami nikimpangusa makombo kwenye kola
kwa leso ile ile ya maonyesho.

Chumba kilikuwa na baridi ya usafi.
Walimu watatu, jagi la maji lisiloguswa.
Shigeki akaupanda mlima wake, akateremka salama.
Mimi nikasema hatuna televisheni sebuleni.
Kisha mwalimu mwenye mvi, sauti laini kama pamba,
akainama: "Kanade, leo asubuhi umekula nini?"

Akanitazama. Kitambo kidogo tu,
kama anavyolitazama haragwe kabla ya kulikamata.
Akamgeukia mwalimu:
"Wali, supu ya miso yenye figili, na samaki.
Mama aliamka kabla ya jua.
Mimi nilimsaidia kupanga vijiti."

Wali tulimfundisha. Figili tulimfundisha.
Vijiti alivitoa mwenyewe, sijui wapi.
Mwalimu akaandika. Shigeki akanigusa goti.
Nikatabasamu kwa kipimo nilichofundishwa
nikimwona mwanangu amekaa wima kitini,
mikono mapajani,
hakuna hata punje iliyomwagika.

Alhamisi namba yetu ilibandikwa: mia moja kumi na nane.
Mama mkwe alilia kwenye simu kutoka Niigata.
Shigeki alirudi na keki kukiwa bado na mwanga,
hata mlinzi wa jengo akamuuliza kama anaumwa.
Bi Kuramochi alituma kadi ya pongezi
na, ndani yake, bei za masomo ya kiangazi.

Kesho yake niliamka gizani. Nikapika wali,
nikachoma samaki, nikakata figili nyembamba kama kucha,
na yale maharagwe ishirini, mwishowe, nikayachemsha.
Yalikataa kuiva kwa muda mrefu.
Kanade akaja nywele timtim, akaketi,
akavilaza vijiti sambamba na ukingo wa meza,
akala vyote, akameza, akapangusa mdomo,
kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mama, leo niseme nimekula nini?"